Ini la Kushoto

Mkono bado uko pale pale tulipouacha, msomaji wangu. Haujasogea hata unywele. Ni mkono wa Dokta, mwanafunzi wa udaktari, umelala juu ya tumbo la mzee mgonjwa, upande wa kushoto, chini kidogo ya mbavu. Na maneno yake bado yananing'inia wodini kama nguo iliyosahauliwa kambani:

"Ini ninalipapasa hapa, Profesa."

Kushoto.

Hata mtu ambaye shule aliiona kupitia dirishani tu amewahi kusikia kwamba ini la binadamu liko kulia.

Mpiga picha wa tangazo akasahau peremende mdomoni. Sista wa zamu akaacha kukunja shuka. Naye Profesa, ambaye wanafunzi walimbatiza Msumeno kwa namna alivyowakata mwaka hadi mwaka, akapeleka vidole kwenye miwani yake. Chuo kizima kinaijua miwani hiyo. Msumeno akiisukuma juu, mambo yako safi. Akiivua, mtu anarudi kwao na begi.

Nyuma ya taa kubwa ya kupigia picha alisimama Mchoraji, dada wa tumbo moja wa huyo Dokta. Wengine walikuwa wanashangaa tu. Yeye alikuwa anajua. Maana ni yeye aliyelihamisha lile ini.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, kisa kilianza hivi. Mchoraji aliajiriwa kuchora picha za programu ya simu iitwayo Mteremko, ya kuwasaidia wanafunzi wa udaktari wajisomee wakiwa kwenye foleni, kitandani, au kule ambako mfalme huenda kwa miguu. Mkurugenzi wake ni kijana mmoja nadhifu. Wafanyakazi walimwita Bwana Rahisi nyuma ya mgongo, na jina lilipomfikia alilipenda, akalichapisha kwenye kikombe chake cha chai. Imani yake ilikuwa moja: mtumiaji hakosei.

Basi neno "umekosea" likawa la kwanza kufukuzwa kazi. Mahali pake likaja "umekaribia". Lakini "umekaribia" nalo likaonekana lina kijembe ndani yake, likatolewa, likawekwa ua. Ukipatia, simu inapiga vigelegele. Ukikosa, inakupa ua. Fuvu la kichwa liliwatisha watu, likachorwa meno ya kucheka. Vijidudu vya kifua kikuu vikapewa kope ndefu. Pakawa na kitufe kilichoandikwa "Nimechoka", na ukikibonyeza unapewa alama za kujitunza.

Siku ya kuijaribu, Bwana Rahisi hakuita mwanafunzi hata mmoja wa udaktari, kwa sababu, alisema, hao wameshaharibiwa na vitabu. Aliwaita mama mkwe wake, dereva wa ofisi na binti wa mapokezi. Akawawekea picha ya mtu aliyesimama akiwatazama, akawaomba waguse mkono wa kulia wa mtu yule. Wote wakagusa ule uliokuwa kulia kwao wenyewe.

Kila aliyewahi kumvisha mtoto shati anajua kwamba mtu akikutazama, kulia kwake ni kushoto kwako. Mchoraji alilieleza hilo taratibu, kwa adabu, mikono imefungwa nyuma. Bwana Rahisi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole kama huyo mtu wa kwenye picha ana simu.

Hana, Mchoraji akakiri.

"Basi si mtumiaji. Geuza picha."

Akageuza. Kitufe kimoja tu, na mtu mzima akageuka kama soksi. Ini lililokuwa kulia likahamia kushoto, moyo ukavuka barabara, kidole tumbo kikafuata mizigo. Maneno "kulia" na "kushoto" yakafutwa kabisa kwa kuwa yalikuwa yanawachanganya wateja. Mchoraji akajipa moyo kwamba Daktari Mshauri, ambaye sura yake inatabasamu kwenye ukurasa wa mbele, ataliona kosa. Daktari Mshauri akatuma kidole gumba. Mteremko ukatoka.

Na wa kwanza kuupakua, kwa mapenzi ya damu, alikuwa Dokta.

Mara ya kwanza Dokta aligusa ini pale alipolijua yeye. Simu ikampa ua. Akagusa tena, akapewa ua lingine, zuri zaidi. Akagusa kushoto, zikapigwa vigelegele. Kitabu kikali unaweza kubishana nacho mpaka asubuhi, lakini rafiki anayekupa ua utabishana naye vipi? Mtoto wa watu akaiacha elimu aliyokuwa nayo, akafuata vigelegele. Akavishwa kilemba cha ukoka na simu yake mwenyewe.

Mchoraji hakujua hayo mpaka leo, alipouona ule mkono. Na leo si siku ya mchezo. Mwaka jana Dokta aliukosa mtihani huu alipokuwa akimuuguza mama yao. Haya ni marudio, na marudio hayana marudio. Akianguka, anafutwa chuoni. Mama yao alilipiga pasi lile koti jeupe kwa mikono yake, akalitundika dirishani ili mtaa wote ulione. Na juu ya yote hayo Bwana Rahisi akaomba ruhusa ya kuuchukua mtihani kwa kamera, Dokta awe sura ya Mteremko, na Mchoraji akapewa kazi ya kushika taa.

Haya, turudi kitandani.

"Una hakika, binti?" Msumeno akauliza.

Swali hilo limezika wengi. Wapo walioulizwa hivyo wakiwa wamepatia, wakababaika, wakabadili jibu, wakaangukia pua.

Mchoraji hakufikiri. Mkono wake ulikuwa kwenye shingo ya taa, na mkono ukatenda. Akaisogeza taa kidogo, mwanga ukahama kutoka upande wa kushoto wa mgonjwa ukaenda kutua kulia. Akausukuma tena kidogo, kama mtu anayemwonyesha mgeni mlango. Njoo huku, mdogo wangu. Ini liko huku.

"Hiyo taa itulie," Msumeno akasema bila kugeuka.

Taa ikatulia. Dokta aliinua macho, akauona mwanga ulikokwenda, akamwona dada yake. Kisha akainama, akamwomba mzee avute pumzi ndefu. Vidole vyake vikasubiri. Pumzi ikashuka, na kitu fulani kigumu, chenye ukingo, kikaja kubisha hodi kwenye vidole vile.

"Nina hakika, Profesa. Linashuka na pumzi."

Halafu tumbo likaanza kutikisika. Ni mzee, alikuwa anacheka.

Huyu mzee alikuwa fundi cherehani kabla macho hayajamchoka, na wodini wote humwita Fundi. Mchoraji alikuwa akimfahamu kwa mikono tu. Wakati Mteremko ulipokuwa unatengenezwa, Bwana Rahisi alitaka ukurasa wa mbele uwe na mikono yenye huruma, na Mchoraji akatumwa hospitali kuitafuta. Akaipata kwa Fundi: mirefu, imetulia, kidole cha kati kina alama ya sindano. Akakaa pembeni ya kitanda, akaichora, akashukuru, akaenda zake. Hakumuuliza habari za ini. Nani anamwuliza mzee wa watu habari za ini lake?

"Afadhali wewe, mjukuu wangu," Fundi akasema. "Wenzako wa asubuhi wote wamenibinya upande usiokuwa na mwenyeji."

Msumeno akaisukuma miwani juu.

Ndipo ikajulikana. Fundi alizaliwa hivyo, kila kitu cha ndani kiko upande wa jirani: moyo kulia, ini kushoto, na hakuna kinachomsumbua humo ndani, mguu tu ndio uliomleta wodini. Watu wa namna yake ni wa kutafuta kwa tochi, na Msumeno alipompata hakumwachia. Kila mwaka humpanga awe mtego kwa wanaokariri. Wote waliotangulia asubuhi ile waliweka mikono kulia, wakaapa mbele ya Profesa kwamba wamelipapasa ini, na kwamba ni laini, na kwamba lina afya njema.

"Nimeandikiwa ini hewa tangu saa za chai," akasema Msumeno. Kisha, kwa sauti ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuisikia, akamwuliza Dokta alijuaje.

Dokta akafungua mdomo. Alitaka kusema ni mkono. Lakini Bwana Rahisi alishachupa mbele ya kamera, tai imenyooka, meno yote nje.

"Mteremko, Profesa. Amesoma kwa Mteremko."

Msumeno hakuwa akijua Mteremko ni dawa au ni mtaa. Akasema tu kwamba kama kipo kitu kinachomfundisha kijana asikariri, basi wangekitumia wote. Aliyasema kwa kupitisha neno. Lakini Mkuu wa Chuo alikuwa mlangoni, amefuata kamera kama nzi anavyofuata embe, na yeye hakupenda kupitwa na maendeleo. Pale pale akaagiza kila mwanafunzi apakue Mteremko kabla ya jua kuzama.

Mchoraji akahesabu kichwani, akaona chuo kizima kimebeba maini kushoto, kinatoka getini kwenda kutibu watu.

Nawe msomaji ukidhani hapo Dokta kapona, unamjua Msumeno nusu. Mtihani wake una vitanda viwili. Cha kwanza ni cha mgonjwa asiye wa kawaida. Cha pili ni cha mtu mzima wa afya, mwili kama wako na wangu, kusudi asifaulu mtu kwa bahati nasibu. Kati ya kitanda na kitanda kuna mapumziko, na katika mapumziko mtahiniwa haongei na mtu. Sista alimkalisha Dokta kwenye benchi la nje, akakaa naye bega kwa bega, macho hayapepesi. Mchoraji alipopita karibu akijifanya anatafuta soketi ya umeme, Sista alikohoa kikohozi kimoja tu. Kilitosha.

Dokta alikuwa anatabasamu peke yake. Vigelegele vimethibitishwa. Ini ni kushoto, hata Msumeno kakubali. Mchoraji aliliona tabasamu lile likamchoma kuliko chozi.

Akamkimbilia Bwana Rahisi. Alimkuta kwenye korido, kaegemea ukuta, mkono mmoja kashika kiuno, jasho jembamba limemtoka juu ya mdomo. Alisema ni mkanda mpya.

"Bosi, ile picha yetu iko kinyume."

"Kinyume cha nani?"

"Cha watu."

"Watu gani?" Bwana Rahisi akageuza kichwa polepole, kama anayeogopa kumwaga kitu. "Mzee wa watu yule pale. Ini lake na letu yamelingana."

Mchoraji akamweleza kwamba huyo ni mmoja katika umati. Bwana Rahisi akajibu kwamba kila mtumiaji ni mmoja. Mchoraji akamwomba walau amwendee Mkuu wa Chuo, aseme kuna marekebisho, watu wasipakue kwanza. Hapo Bwana Rahisi akamtazama kwa huruma ya kweli kabisa, akamwambia kwamba ameshaona wasanii wengi wakiogopa mafanikio.

Akampigia Daktari Mshauri. Daktari Mshauri, kwa sauti ya mtu aliye mezani, akasema yeye aliridhia rangi. Rangi alizipenda sana. Mambo ya ndani ya mwili aliona ni bora awaachie wataalamu wa programu.

Na shari haina subira. Mtu mzima wa afya ambaye hulala kwenye kitanda cha pili kila mwaka, mfagiaji wa jengo la jirani, siku hiyo hakutokea. Msumeno akatoka mlangoni, akasema anahitaji mwili mmoja mzima, wa kawaida, usio na historia. Kabla hajamaliza, Bwana Rahisi alishaanza kufungua vifungo.

Mkurugenzi mwenyewe amelala, anapimwa na sura ya bidhaa yake. Tangazo gani linaweza kushinda hilo? Akamwagiza mpiga picha amchukue upande wake mzuri.

Mchuma janga hula na wa kwao. Hilo Mchoraji alikuwa akilisikia tangu utoto, akidhani ni la wezi wa kuku. Sasa amesimama nalo nyuma ya taa, limemkaba. Kitufe alibonyeza yeye, anayeenda kukila chakula chake ni mdogo wake. Akaishika shingo ya taa. Safari hii alijua asogeze wapi, kulia, na safari hii angekuwa amepatia. Mwanga kidogo tu, nani ataona?

Akauondoa mkono kwenye taa, akauficha kwapani. Alikwishamwonyesha mdogo wake njia mara mbili, kwa simu na kwa taa, na mara zote alimpeleka siko.

Dokta akaingia. Bwana Rahisi alikuwa amelala chali, tai bado shingoni, tabasamu limegandishwa kwa ajili ya kamera. Dokta akasugua viganja vipate joto, akamwomba radhi kama inavyotakiwa, akaenda moja kwa moja kushoto.

Mchoraji akafumba macho.

Akasikia ile kazi ya madaktari ya kugonga kidole kwa kidole juu ya mwili. Pam, pam. Sauti ya debe tupu. Pam, pam, kwa chini kidogo. Debe tupu. Mtu aliyekariri angeshasema jibu hapo na kushukuru. Lakini jibu halikuja, mpaka Mchoraji akalazimika kufumbua jicho moja.

Dokta alikuwa amekunja uso namna anavyoukunja nyumbani akionja mboga isiyo na chumvi. Aliutazama mkono wake. Akautazama upande wa pili. Unaona kabisa kwamba kichwani mwake simu inapiga vigelegele na kidole kinasema hapana. Kisha, bila kuulizwa, bila kuonyeshwa na taa wala na mtu, akauvusha mkono kulia. Dum, dum. Mlango wa mbao.

"Profesa," akasema taratibu, "ini la huyu liko kulia."

"Mbona umeanzia kushoto?"

"Nilikojisomea nilifundishwa kushoto. Mkono umekataa."

Msumeno akaisukuma miwani juu, ikafika karibu na nywele. Mchoraji alihisi hewa inaingia mapafuni, yote mawili, popote yalipo.

Lakini Dokta hakuwa amemaliza. Alishuka na vidole mpaka chini ya tumbo, upande ule ule wa kulia. Akabonyeza polepole. Tabasamu la Bwana Rahisi likayumba. Akaachia ghafla. Tabasamu likadondoka lote, na mkurugenzi akakunjika kama kiti cha harusi.

"Umeanza lini kuumwa hapa, kaka?"

Bwana Rahisi akasema ni gesi. Ni gesi ya tangu jana, amekunywa soda ili abeue, inakaribia kutoka. Dokta akamgusa paji la uso, likawa la moto. Akamtazama Msumeno, akasema anadhani ni kidole tumbo, na kwamba kisingojewe.

"Haiwezekani," Bwana Rahisi akasema huku meno yamebana. "Nimeshajipima."

Akaitoa simu chini ya mto. Akafungua Mteremko, akailaza simu juu ya tumbo lake mwenyewe, kioo kikitazama dari, kichwa cha mtu wa picha kikielekea kidevuni kwake. Kitone cha kidole tumbo, chekundu chenye macho ya kusinzia, kikaangukia kushoto. Akawaonyesha wote kwa fahari ya mtu aliyeshinda kesi. Maumivu kulia, kidole kushoto. Basi ni gesi, na wakimpasua kulia watapasua mahali pasipo na kitu.

Nyani haoni kundule, msomaji, lakini huyu alikuwa amelichora, akalipaka rangi, akaliuza.

Msumeno hakucheka. Alimwambia Sista aite watu wa machela na waandae chumba cha upasuaji. Kisha akamgeukia Dokta, na sauti yake ikawa ya mtu anayetia saini.

"Binti, kwa vitanda hivi viwili..."

Akaishia hapo. Jicho lake lilikuwa limenasa kwenye kile kioo cha simu, kilichobaki juu ya tumbo kikipanda na kushuka. Akainama. Akaiokota simu. Akamtazama yule mtu wa picha kwa muda, kama unavyomtazama mtu ambaye umewahi kukutana naye mahali. Ini kushoto. Moyo kulia.

"Huyu ni Fundi," akasema.

Watu hawakuelewa. Akawaonyesha. Mwili wote ule wa kwenye simu, kiungo kwa kiungo, ulikuwa mwili wa mzee aliyelala kitanda cha jirani, mtego ambao Msumeno humficha mwaka mzima hata kwa walimu wenzake. Akauliza nani amechora.

Machela ilikuwa imefika. Bwana Rahisi, anayeinuliwa mabega na miguu, ambaye maisha yake yote alihubiri kwamba lawama ni kitu cha kizamani, akanyoosha kidole.

"Mimi si mchoraji. Muulizeni dada yake. Si ndiye huyo hapo, mwenye taa."

Msumeno akageuka. Safari hii aligeuka mwili mzima.

"Dada yake," akarudia.

Hakupandisha sauti. Alipanga maneno moja moja kama mtu anayepanga visu mezani. Dada anachora mwili uliogeuka. Mdogo anausoma mwili uliogeuka. Anakuja kwenye mtihani, anakutana na mtu mmoja mwenye mwili uliogeuka, anafaulu pale waliposhindwa wote. Naye asingependa kuamini kwamba mgonjwa wake wa siri amevujishwa, ila angependa kuambiwa jambo lingine la kuamini.

Mchoraji akasema hakujua. Akaapa kwamba mpaka leo asubuhi hakujua habari za tumbo la yule mzee, wala hakuwa na namna ya kujua.

Na hapo pazia la kitanda cha jirani likasogezwa na mkono mrefu, uliotulia, wenye alama ya sindano.

"Profesa, huyo binti msimsumbue," akasema Fundi, moyo wake mweupe kabisa, moyo ule wa upande wa kulia. "Ni mtu mwema. Namjua mimi. Amekaa hapa kitandani kwangu, kanichora, tukapiga na hadithi."

Sista aliangusha kitu cha chuma sakafuni.

Dokta akalinyoosha koti lile jeupe, lenye pasi ya mama yao. Akamtazama dada yake, si kwa hasira, ila kwa kuuliza.

"Ile taa asubuhi," Msumeno akasema. "Ulikuwa unamwashiria nini?"

Na hicho, msomaji wangu, ndicho kitanzi chenyewe. Kamera iliona kila kitu. Ikirudishwa nyuma itamwonyesha Mchoraji akiisogeza taa kwenda kulia, upande usio na ini, na mjinga gani aliyeijua siri angeelekeza upande wa uongo? Picha ile itamtoa kwenye kosa la kuvujisha mtihani. Lakini ili itazamwe, ni lazima kwanza akiri kwamba ndani ya chumba cha mtihani, mbele ya mtahini, alijaribu kumpenyezea mdogo wake jibu. Akinyamaza, Dokta anafutwa kwa mtihani uliovuja. Akisema, Dokta anafutwa kwa ishara ya taa.

"Dada," Dokta akasema kwa sauti ndogo, "sema tu kilichotokea."

Huko koridoni machela ilikuwa inakwenda mbio, na sauti ya Bwana Rahisi ikisikika kwa mbali, anawasihi wapasuaji wapakue Mteremko kabla hawajamgusa.

Mchoraji akaizima taa, kwanza, ili asionekane amejificha nyuma yake. Akapiga hatua mbele mpaka katikati ya vitanda viwili.

"Profesa," akaanza, "ile taa mimi niliisogeza ili mdogo wangu..."

Msumeno akavua miwani.